Rangi ya lebo isiyo na kipimo ni lumbesa nyingine

KILIO cha lumbesa ni cha siku nyingi. Mkulima wa viazi au vitunguu analeta gunia, mnunuzi analiongezea nundu juu na kulishonea kamba, halafu bei inabaki ile ile ya gunia moja. Chanzo cha ubishi kinajulikana: gunia ni chombo cha kubebea mzigo, lakini linatumika kama kipimo. Halisemi ni kilo ngapi. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo imekuwa ikisisitiza mazao yauzwe kwa mizani.

Ipo lumbesa nyingine ambayo haisemwi sana, nayo inawapata wakulima na wafanyabiashara wadogo walioacha kuuza mazao ghafi na kuanza kufungasha wenyewe. Hawa ni wa asali, unga wa lishe, viungo, kahawa ya kusaga na mafuta ya alizeti. Lumbesa hii inafanyika kwenye uchapaji wa lebo.

Mjasiriamali anaonyeshwa lebo kwenye kioo cha kompyuta. Kijani kinapendeza, kinang'aa kama shamba lililopata mvua. Anaridhika na kulipa. Baada ya wiki mbili maboksi yanafika na kijani kimefifia, mithili ya mahindi yaliyokosa mbolea. Akiagiza mara ya pili, pengine kwa mchapaji mwingine, kinatoka kijani cha tatu ambacho hakifanani na cha kwanza wala cha pili. Dukani chupa zinapangwa rafu moja zikiwa na lebo za rangi mbili tofauti, na mteja anaanza kujiuliza ipi ni halisi na ipi ni ya kughushi.

Hapo ndipo lawama huanza. Mchapaji anamlaumu msanifu aliyechora lebo, msanifu anailaumu mashine ya mchapaji, na mwenye mali analipa gharama ya wote wawili. Ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna aliyefanya hila. Kilichokosekana ni kipimo. Rangi iliandikwa kwenye faili bila kutajwa ilipimwa kwa mizani ipi, kila mashine ikaitafsiri kwa namna yake, na hasara ikamwangukia asiye na mashine.

Debe na kilo

Ndani ya faili la kompyuta hakuna rangi. Kuna namba tu. Namba hizo huandikwa kwa njia kuu mbili.

Ya kwanza ni RGB, herufi zinazowakilisha nyekundu, kijani na bluu. Hii ni njia ya vitu vinavyotoa mwanga, kama kioo cha simu, kompyuta au televisheni. Kila moja ya rangi hizo tatu kwa kawaida hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Ya pili ni CMYK, yaani samawati, majenta ambayo ni waridi iliyokoza, njano na nyeusi. Hii ni njia ya wino, na kila wino hupewa asilimia kuanzia 0 hadi 100.

Tatizo ni kwamba namba hizo, zikiachwa peke yake, ni amri kwa kifaa. Kijani 150 maana yake ni kukiambia kioo kiwashe taa yake ya kijani kwa kiasi hicho. Lakini taa ya kijani ya simu hii si ile ya kompyuta ile, na kioo cha mwaka huu si sawa na kilichochakaa kwa miaka minane. Amri ni moja, matokeo ni mengi. Katika taaluma ya uchapaji hizi huitwa rangi za kifaa.

Wino nao una hadithi hiyo hiyo. Asilimia 70 ya samawati kwenye karatasi laini inayong'aa haitoi rangi sawa na asilimia 70 hiyo hiyo kwenye karatasi ya gazeti. Mwenye gazeti la karatasi mkononi analo la kujifunzia: karatasi yake hunyonya wino na kuutawanya, tena yenyewe si nyeupe sana, kwa hiyo picha huonekana imepoa kuliko ile ile ikichapwa kwenye jarida. Asilimia ni ile ile, rangi sivyo. Hili ndilo debe, ambalo ujazo wake hutegemea nani amelishika na amelitikisa mara ngapi.

Kilo ya rangi ipo, na si jambo la jana. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, inayojulikana kwa kifupi kama CIE, iliweka mfumo wa kupima rangi kwa kufuata jicho la mwanadamu badala ya kufuata kifaa. Mwaka 1976 tume hiyo ikatoa mfumo uitwao Lab, ambao unaitaja rangi kwa namba tatu. Ya kwanza inaonyesha weupe, kutoka 0 ambayo ni nyeusi hadi 100 ambayo ni nyeupe. Ya pili inaonyesha rangi imeegemea kijani au wekundu. Ya tatu inaonyesha imeegemea bluu au njano. Ukisema Lab fulani, umeitaja rangi yenyewe kama jicho linavyoiona, iwe Moshi, Mombasa au Muscat.

Mwaka 1993 kampuni kadhaa za kompyuta na picha ziliunda umoja uitwao ICC, ambao uliweka utaratibu wa kutengeneza wasifu wa rangi. Wasifu ni jedwali dogo linaloambatana na faili na kueleza kwamba namba fulani za kifaa fulani maana yake ni rangi fulani kwa kipimo cha CIE. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza mfumo wa sRGB kwa ajili ya vioo na mtandao, na mwaka 1999 ukawa kiwango cha kimataifa. Tangu hapo, namba za RGB zilizoandikwa kuwa ni za sRGB zina maana moja duniani kote. Zisipoandikwa hivyo, zimerudi kuwa debe.

Kwa lugha ya sokoni, wasifu wa rangi ni sawa na stika ya mkaguzi kwenye mizani. Haubadilishi uzito wa mzigo. Unampa mnunuzi na muuzaji sababu ya kukubaliana juu ya namba wanayoisoma.

Faili linalojieleza

Faili nyingi zinazopelekwa kwa mchapaji siku hizi ni za PDF. Aina hii ya faili ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na mwaka 2008 ikafanywa kiwango cha ISO. Sifa yake kubwa ni kubeba maandishi, picha na michoro bila kuvurugika njiani. Lakini wengi hawajui kwamba ukurasa mmoja wa PDF unaweza kuwa na rangi za aina zote mbili. Picha ya mizinga ya nyuki inaweza kuwa na wasifu wake, nembo ikawa na asilimia tupu za wino, na jina la kikundi likawa la RGB isiyo na wasifu wowote.

Mashine ya mchapaji ikikutana na namba tupu, lazima ibahatishe. Programu yake imewekewa makadirio ya kuanzia, na kila kiwanda kina makadirio yake. Hapo ndipo faili moja likienda viwanda viwili linarudi na lebo za rangi mbili. Huko kubahatisha ndiko nundu ya lumbesa ilipo.

Dawa ya tatizo hili ilishatolewa zamani. Mwaka 2001 ISO ilitoa kiwango cha PDF/X-1a kwa ajili ya faili zinazokwenda kuchapwa. Kinataka rangi zote ziwe zimeshageuzwa kuwa za wino kabla ya faili kuondoka kwa msanifu. Mwaka 2002 kikafuata PDF/X-3, kinachoruhusu pia rangi zilizopimwa zenye wasifu. Baadaye kikaja PDF/X-4, kinachopokea na michoro yenye vivuli vya kupenyeza. Vyote vinatofautiana kwa mambo kadhaa, lakini vinakubaliana kwa moja: faili lazima liwe na tamko la uchapaji uliokusudiwa, yaani litaje ni aina gani ya karatasi na uchapaji namba zake ziliandaliwa.

Tamko hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Asilimia za wino si kosa zenyewe. Zikishaambatana na tamko kwamba ziliandaliwa kwa ofseti, karatasi inayong'aa, kwa kiwango kinachojulikana, zinakuwa na maana. Mchapaji mwenye karatasi ya aina nyingine anaweza kuzigeuza kwa hesabu badala ya kwa macho. Bila tamko, hata mchapaji hodari anafanya kazi gizani.

Si kila kitu kigeuzwe

Baada ya kusikia habari hizi, mtu anaweza kudhani kwamba kila kitu kwenye lebo kinapaswa kuwekewa wasifu. Hapo napo pana mtego, na unawagusa moja kwa moja wanaotaka kuuza kwenye maduka makubwa.

Chukulia barkodi, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine ya kaunta. Kwa ukubwa wake wa kawaida, mstari mwembamba kabisa wa barkodi ya tarakimu 13 una upana wa milimita 0.33. Mistari hiyo inatakiwa ichapwe kwa wino mweusi peke yake. Ikiwa iliandikwa kwenye faili kama nyeusi ya RGB, au ikapitishwa kwenye ubadilishaji wa wasifu, programu huigeuza kuwa mchanganyiko wa wino nne, kwa kuwa kwa hesabu za jicho huo ndio weusi unaofanana. Sasa zinahitajika pleti nne ziangukie mahali pamoja kabisa. Zikipishana kwa sehemu ya kumi ya milimita tu, mstari unaota kivuli cha samawati upande huu na cha waridi upande ule. Mashine ya kaunta inaweza kushindwa kuusoma, na duka likirudisha mzigo halitauliza kama asali ilikuwa nzuri.

Vivyo hivyo kwa maandishi madogo ya viambato na tarehe ya mwisho ya matumizi. Yakichapwa kwa wino nne yanavimba na kufifia kingo.

Kanuni ni rahisi kukumbuka. Picha na rangi ya nembo zihitaji kipimo, kwa sababu jicho la mteja ndilo hakimu. Maandishi na barkodi zihitaji wino mweusi mtupu, kwa sababu hapo kinachotakiwa ni ukali wa mstari. Tena mistari ya barkodi isiwe nyekundu, kwani mashine nyingi za kaunta husoma kwa mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo wekundu na weupe havitofautiani.

Hesabu ya mfukoni

Kwa mfanyabiashara mdogo swali la haki ni moja: haya yote yana faida gani kwa shilingi?

Chukulia kikundi kinachapa lebo 5,000 kwa Sh120 kila moja. Jumla ni Sh600,000. Chukulia pia kwamba prufu, yaani nakala moja ya majaribio iliyochapwa kwa mashine iliyopimwa, inatozwa Sh30,000. Ukigawa kwa lebo 5,000, prufu imeongeza Sh6 kwa kila lebo. Kikundi kinachokataa kulipa Sh6 hizo kinacheza kamari. Ikiwa katika kila maagizo 10 moja linaharibika kwa sababu ya rangi na kutupwa, hasara ya wastani kwa kila agizo ni Sh60,000, mara mbili ya gharama ya prufu. Hata kama linaharibika moja katika 20, kikundi kimetoka sare, na hapo hazijahesabiwa siku za kusubiri lebo mpya huku asali iko kwenye ndoo na msimu wa soko unapita.

Bei za kila mji ni tofauti, na kila mtu aweke namba zake mwenyewe. Lakini umbo la hesabu halibadiliki. Kipimo hulipwa mara moja kabla ya kazi na huwa kidogo. Kukosa kipimo hulipwa baada ya kazi, na huwa ni mzigo mzima.

Ipo gharama nyingine isiyoonekana kwenye risiti. Jina la bidhaa ndogo hujengwa kwa mteja kuitambua rafuni bila kusoma. Rangi ikibadilika kila msimu, kumbukumbu hiyo huanza upya kila msimu. Kampuni kubwa zinalijua hili, ndiyo maana mkebe wao unafanana kila mahali. Mzalishaji mdogo hana fedha za matangazo ya redio. Rangi ya lebo ndilo tangazo lake la kila siku.

Pingamizi zenye ukweli

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya viwanda vikubwa, na kwamba mchapaji wa mjini kwao hana kifaa cha kupima rangi. Pingamizi hili lina uzito. Kwa anayechapa lebo 200 kwenye printa ya steshenari ya jirani, wasifu na matamko havina maana kubwa. Huyo atosheke na kuona lebo moja iliyochapwa kwenye karatasi ile ile itakayotumika, kisha aseme ndiyo au hapana.

Wengine watasema walishapeleka faili lenye kipimo na bado kijani hakikung'aa. Hili nalo ni kweli. Kioo hutoa mwanga, karatasi hurudisha mwanga, na wino nne haziwezi kutoa kila rangi ambayo kioo kinaweza. Kijani kikali na chungwa kali ni miongoni mwa rangi zinazopungua nguvu. Kipimo hakiondoi mpaka huo. Kinachofanya ni kumwonyesha mwenye mali mpaka uko wapi kabla hajalipa, ili achague mapema: ama akubali kijani kilichotulia, ama agharamie wino maalumu uliochanganywa kwa ajili ya nembo yake na pleti yake ya peke yake. Kuambiwa hapana mapema ni nafuu kuliko kugundua hapana ndani ya boksi.

Pingamizi la tatu halina ukweli. Ni lile la baadhi ya wachapaji wanaosema rangi haipimiki, ni mazoea ya mkono. Mazoea ya mkono yana thamani yake, kama alivyo mnunuzi wa mpunga anayekadiria gunia kwa kulinyanyua. Lakini hakuna mkulima anayetakiwa kukubali makadirio hayo wakati mizani ipo.

Kifanyike nini

Kwanza, mjasiriamali amuulize mchapaji kabla ya msanifu kuanza kazi: faili liandaliwe kwa kiwango kipi cha uchapaji na kwa karatasi ipi? Mchapaji makini ana jibu, na wengine humpa msanifu wasifu wa mashine zao.

Pili, msanifu atakiwe kutoa PDF/X yenye tamko la uchapaji. Picha ya lebo iliyotumwa kwa WhatsApp isipokelewe kama faili la kuchapia, kwa kuwa hupunguzwa ubora njiani.

Tatu, rangi ya nembo iandikwe kwenye karatasi ya kikundi kwa namba zake za Lab pamoja na asilimia za wino na aina ya karatasi zilikopimwa. Ikae kwenye faili la katibu pamoja na cheti cha usajili. Msanifu akihama mji, rangi isihame naye. Faili asilia la lebo nalo liwe mali ya kikundi, na hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla malipo ya kwanza hayajatoka.

Nne, prufu iangaliwe kwa mwanga wa mchana, kivulini, si chini ya taa ya dukani. Ikikubalika isainiwe na pande zote mbili, nakala moja ibaki kwa mwenye mali. Kazi ikitoka tofauti na iliyosainiwa, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Tano, vikundi viungane. Kikundi kimoja cha lebo 2,000 hakina sauti mbele ya mchapaji. Vikundi sita vinavyochapa pamoja, kwa karatasi ya aina moja na kiwango kimoja, vinaweza kudai prufu na kuipata. Vyama vya ushirika vimezoea kununua mbolea kwa pamoja, na lebo zinaweza kununuliwa kwa utaratibu huo huo.

Taasisi zinazofundisha usindikaji, SIDO ikiwamo, nazo zina nafasi yake. Mafunzo ya ufungashaji yakiongeza saa mbili za kueleza faili la lebo, mwanafunzi ataondoka na ujuzi wa kuagiza kazi, si wa kutengeneza tu. Alama ya TBS inamwambia mteja habari za bidhaa. Haimhakikishii kwamba kijani cha lebo ni kile cha mwaka jana. Hilo linabaki kwa mwenye mali mwenyewe.

Anayeandaa lebo za maonyesho yajayo ya Nanenane aanze na lile swali la kwanza kwa mchapaji wake. Mchapaji akishindwa kutaja kipimo cha kazi yake, apewe lebo hamsini za majaribio kwanza, na zile elfu tano zisubiri.